Waitu, Sikusikia

Muleba,
1 Septemba 2025

Ndugu yangu Hafidhi,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na kioo, natangaza rasmi kwa wakazi wote wa Bilele na vitongoji vyake kwamba suruali yangu ya kijivu, ile ya sherehe, imekataa kufunga. Pasaka ilikuwa inafunga. Jana nimeivaa, kifungo na tundu lake vikabaki vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombania mpaka wa kibanja. Taratibu za mazishi mtatangaziwa. Mshitakiwa wa kwanza ni pilau la mkeo Yasmin.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizana bei ya saruji. Tangu tulipolala kitanda cha juu na cha chini bwenini, mambo ya maana tunaandikiana, na basi la asubuhi linayafikisha.

Evelyne wangu tunamuaga hapa nyumbani Jumamosi ya tarehe 27. Bwana harusi ni Dastan, kijana mpole wa Biharamulo, ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Shida si Dastan. Shida ni kwamba dada yangu Penina ameteleza kwenye ngazi za jikoni kwake Kagondo, amevunjika paja, na daktari amekataa kabisa asafirishwe kuja Muleba.

Unajua mama yake Evelyne, marehemu Agnetha, alimwacha mtoto akiwa wa siku moja. Penina ndiye aliyemlea. Na katika ukoo wetu binti hatoki nyumbani kwa muziki na keki peke yake. Shangazi yake husimama uani na kumwita kwa majina ya wanawake wa ukoo waliotangulia, jina moja moja. Kila jina binti anaitika "Waitu!", neno letu la heshima kwa mkubwa, na kupiga hatua kuelekea mlangoni. Shangazi asiposikia kuitikiwa, haendi jina linalofuata, anarudia. Jina la mwisho ndilo linalomvusha kizingiti.

Evelyne amesema wazi: shangazi asipomwita, hatoki. Harusi ingoje mfupa uunge. Na wewe ndiye fundi pekee ninayemfahamu asiyenitoza. Je, mtu anaweza kulala kitandani Kagondo na kumwita mtu Muleba?

Wako mwenye tumbo,
Clavery

*

Bilele, Bukoba,
4 Septemba 2025

Mwalimu,

Assalamu alaikum, na pole kwa msiba wa suruali. Yasmin anasema pilau lake halina hatia, atafutwe aliyeomba sahani ya tatu.

Kazi yako nimeikubali kabla sijafika mwisho wa barua. Mama Penina ndiye mkunga aliyewapokea watoto wangu wote duniani, siwezi kumwambia sina nafasi. Nitakwenda Kagondo, nitasimamisha antena juu ya bati lake maana pale kwake simu ya kawaida mpaka uikimbize kwenye migomba. Kompyuta moja itakaa kitandani kwake, nyingine kwako na spika kubwa. Programu ya kusafirisha sauti ninayo. Imebaki kuchagua njia, na hapa nisomee taratibu, wewe ni mwalimu wa Jiografia.

Sauti haipiti kwenye mtandao nzima kama maji ya bomba. Inakatwakatwa vipande, na vipande vinatumwa. Vinatumwa kwa namna mbili.

Ya kwanza ni kama salamu zenu Wahaya. Nyumba ya mtu inaungua, lakini mleta habari lazima kwanza aulize umeshindaje, umjibu, naye alipokee jibu lako. Baada ya hapo ndipo mazungumzo yanafunguliwa. Kila kipande kina namba, na upande wa pili unakiri: namba hii imefika. Isipokiriwa inatumwa tena, na zote zilizo nyuma yake zinangoja mlangoni mpaka ipatikane. Hakuna kinachopotea, hakuna kinachomtangulia mwenzake. Mafundi tunaiita TCP.

Ya pili ni yule jamaa wa pikipiki anayetangaza mkutano kwa kipaza sauti. Hasalimii. Haulizi kama upo. Anapita akisema. Kama jogoo aliwika ukakosa maneno mawili, hageuzi pikipiki kwa ajili yako. Hiyo ni UDP. Ina mbio, haina adabu.

Kwa jambo hili sina haja ya kufikiri. Majina ya bibi zenu si tangazo la mnada. Tunatumia ya kwanza. Majaribio Jumamosi ya tarehe 13.

Rafiki yako mwembamba,
Hafidhi Muharami

*

Muleba,
14 Septemba 2025

Fundi mkuu,

Jana ulikuwa Kagondo ukaona ya Kagondo. Haya ni ya huku.

Jina la kwanza lilifika safi, kila mtu akatikisa kichwa kukusifu. Evelyne akaitika, hatua moja. Jina la pili, kimya. Tukangoja. Akina mama wa jumuiya, ambao Mama Theopista mwenyekiti wao alikuja nao kushuhudia maajabu, wakaanza kukagua dari yangu. Kumbe kuna kipande kimepotea njiani, na wenzake wote wanakingoja kwa uaminifu, kama abiria waliozuia basi lisiondoke kwa sababu mmoja wao kashuka kununua senene.

Halafu yakamwagika. Jina la pili, la pili tena, la tatu, "Evelyne, umelala?", "Hafidhi, mashine yako imekufa?", na kikohozi. Vyote vizima, vyote kwa mpangilio, vyote vimechelewa. Evelyne anaitikia la pili, dada yangu huko ameshafika la nne. Dada akadhani mtoto amenuna. Mtoto akadhani amegombezwa. Akaingia chumbani, tukamsikia akilia, na akina mama wakaniangalia mimi.

Hafidhi, hakuna neno lililopotea. Nakiri hilo mbele ya mashahidi. Kilichopotea ni shangazi.

Nikashauri tumrekodi dada, siku yenyewe tubonyeze tu. Evelyne akanijibu, "Baba, rekodi itaniita hata kama nimekufa." Amekataa. Anataka aitwe na mtu anayesubiri jibu. Vinginevyo anaahirisha, na padre ameshatangaza ndoa, na akina Dastan wameshakodi basi.

Niokoe.
Clavery

*

Bilele,
16 Septemba 2025

Mwalimu,

Kosa ni langu, usilitangaze kwa kipaza sauti. Nilichagua njia inayofaa hati na faili, nikaipa kazi ya kuitana. Faili halijali likifika sasa au baada ya chai. Mtu anayeitwa anajali.

Kwa hiyo tunapanda pikipiki. Nimebadilisha, sasa ni UDP. Kipande kikipotea kimepotea, sauti inasonga mbele. Mtasikia matundu hapa na pale, lakini mtasikia kwa wakati wake, na Mama Penina atasikia mtoto akiitika papo hapo.

Udhaifu wake nimeshakwambia: jamaa wa pikipiki hajui kama umesikia. Basi nimefanya akiba. Nimemrekodi Mama Penina majina yote, nikakutumia faili kwa ile njia ya kwanza. Limefika zima kwenye simu yako, hakuna hata herufi iliyokatika. Mambo yakiharibika, bonyeza. Evelyne asijue.

Majaribio tena Jumamosi.

Hafidhi

*

Muleba,
21 Septemba 2025

Hafidhi, simba wa Bilele,

Ushindi! Andika kwa rangi nyekundu ukutani kwako. Jana tumesikia kila jina, hatukukosa hata silabi. Evelyne alipiga hatua zote mpaka akavuka kizingiti. Chumba kizima kiliitika kwa sauti moja, Mama Theopista akapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani yetu Lameki akajibu. Mwambie dada yangu sauti yake ilikuwa kama yuko uani. Mwambie tumeridhika kabisa.

Nimeanza hata kuitazama suruali kwa matumaini.

Wako katika ushindi,
Clavery

*

Bilele,
21 Septemba 2025

Mwalimu,

Basi la leo linakuletea bahasha mbili. Hii yangu soma kwanza, kisha kaa chini. Ya pili ni ya Mama Penina. Jana baada ya majaribio aliomba kalamu, na namna alivyoiomba sikuthubutu kuuliza ya nini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikijiuma kidole nisicheke.

Pole sana, ndugu yangu.
Hafidhi

*

Kagondo,
20 Septemba 2025

Clavery,

Sijambo. Mguu haujambo. Usiniulize tena habari za mguu.

Jina la kwanza mliitika vizuri. La pili mliitika upesi mno. Mtu aliyesikia huvuta pumzi kwanza. La tatu nikalikata katikati makusudi, mkaitika. Ndipo nikasema, kwa sauti ileile ya majina: "Clavery ni mbuzi dume wa Lameki, amekula suruali yake mwenyewe." Mkaitika "Waitu!" nyumba nzima, na vigelegele juu. Habari za suruali nimezipata kwa Hafidhi.

Najua ni adabu. Tumelelewa hivyo, mkubwa akisema unaitika, uwe umesikia au hukusikia. Kumwambia mkubwa "sikusikia" ni kama kumwambia hajui kusema. Nami nimelelewa hivyohivyo. Lakini nimefanya ukunga maisha yangu yote, nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia.

Siku Agnetha alipojifungua, nilimwita kila mara. "Agnetha, uko vipi?" Akaitika, "Niko salama, waitu." Nikageuka kumfuta mtoto. "Agnetha?" "Niko salama, waitu." Aliitika vizuri mpaka mwisho. Damu ilikuwa inamtoka chini ya shuka, naye hakutaka kumsumbua wifi yake mkubwa aliyekuwa amechoka. Nilisikia kuitika. Sikusikia Agnetha.

Kwa hiyo Jumamosi hakuna "Waitu" tupu. Evelyne atanirudishia jina lenyewe nililomwita, ndipo apige hatua. Asiposikia, aseme "Waitu, sikusikia." Aseme mbele ya wakwe, mbele ya padre, hata Askofu akitokea. Nitarudia. Siku nzima ni yangu, mguu umefungwa, siendi popote.

Dada yako,
Penina

*

Muleba,
23 Septemba 2025

Hafidhi,

Yale ya ushindi yafute ukutani.

Ukweli ni huu. Tulisikia jina la kwanza. Mengine tulisikia mwanzo tu, na wewe unajua majina ya bibi zetu: Kokugonza, Kokushubira, Kokutona, Kokuhirwa. Ukikata mkia unabaki na "Koku". Tulikaa pale tunaitwa Koku, Koku, Koku, kila mmoja anaitika kwa heshima, kila mmoja anadhani mwenzake amesikia. Nami niliyeitika kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye mbuzi.

Barua ya dada nilimsomea Evelyne mpaka mwisho. Hakulia. Aliniomba niirudie ile sehemu ya mama yake, kisha akaichukua akaisoma mwenyewe.

Tangu jana tunafanya mazoezi ya kusema "sikusikia". Usicheke. Ni maneno mepesi lakini hayamtoki. Anafungua mdomo, inatoka "Waitu", na anapiga magoti bila kujijua. Mama Theopista ametuona, akauliza tangu lini tunafundisha watoto ukaidi wiki ya harusi. Nikamwambia ni mambo ya mtandao. Akasema ndiyo maana alikataa simu kubwa.

Usiniulize kama ataweza. Sijui.

Clavery

*

Bilele,
28 Septemba 2025

Mwalimu, baba wa bi harusi,

Takbir! Nimerudi kutoka Kagondo sina sauti. Yasmin, aliyekuja kuniletea chakula akaishia kukaa kitandani kwa Mama Penina wameshikana mikono, naye hana sauti. Nyumba nzima tunaongea kwa vidole.

Nikuambie la kifundi kwanza, maana limenikosesha usingizi. Miaka yote hii nawaambia wateja: chagua, ama njia inayokiri na kungoja, ama njia inayopita bila kujali. Bi mkubwa amelala pale na mguu wake, akakataa kuchagua. Amechukua mbio za pikipiki, halafu juu yake akaweka kukiri kwake mwenyewe, jina kwa jina. Hakudai irudiwe sauti nzima, alidai jina tu. Vipande vingine vipotee vitakavyo, kikohozi kikipotea nani anakililia? Na kukiri kwenyewe si "ndiyo" tu, ni kutaja kilichofika. Nimekaa nikacheka peke yangu. Kuna mafundi huko duniani wamejenga mambo makubwa kwa mtindo huohuo.

Sasa, huku tulisikia "sikusikia" ya kwanza. Mama Penina alifumba macho akasema, "Huyo ni mwanangu." Tulisikia mvua. Tulisikia fujo. Kwenye jina la mwisho aliita, akaita, akaita, mpaka jasho likamtoka, na kutoka kwenu hakuna kitu ila upepo na "sikusikia" inayokuja kwa vipande. Nilitaka kuzima mashine nisimwone anavyoteseka. Akanitazama, nikarudisha mkono. Halafu mlipasuka, na spika yangu ndogo ya huku ikapasuka pamoja nanyi. Hiyo spika hudaiwi, ni zawadi ya harusi.

Ila hatukuona chochote. Na ninyi mmeshazoea kutuambia mambo mazuri. Mama Penina anasema hivi, nanukuu: "Clavery aniandikie ilivyokuwa, na asiniandikie kwa adabu."

Ndugu yako,
Hafidhi

*

Muleba,
30 Septemba 2025

Dada yangu mpendwa, waitu,

Umesema bila adabu. Basi naanza na suruali.

Sikununua nyingine. Niliifunga kwa pini ya nepi, ile kubwa yenye kichwa cha buluu uliyokuwa unamfungia Evelyne, sijui kwa nini bado ninayo. Juu nikavaa koti, nikajiambia baba wa bi harusi hatakiwi kuinama.

Akina Dastan walifika kabla ya mvua, wakakaa hemani uani, mbele ya mlango wa sebule ulioachwa wazi. Mvua ilianza MC alipokuwa akiwaomba watu wasirushe picha ili mtandao upumue. Walimpiga picha akiwaomba, wakairusha.

Uliita Kokugonza. Likafika, Evelyne akalirudisha, hatua moja. Ukaita la pili, likaja bila mkia. Dada, watu wote wamesimama, wakwe wanatazama, nami niko karibu naye. Nikajua atasema "Waitu" na ataondoka na hiyo maisha yake yote. Akasema, "Waitu, sikusikia."

Kilikuwa kisauti. Lakini hema zima liligeuka kana kwamba kavunja sahani. Mama Theopista alishika kifua. Mama yake Dastan, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha zambarau, akamgeukia mumewe. Nikatamani mvua iniingize ardhini. Kisha wewe ukarudia, kwa utulivu, kama mtu aliyeombwa chumvi. Likafika: Kokushubira! Akalirudisha kwa nguvu zaidi.

La tatu lilipokatika, alisema "sikusikia" na kichwa juu. Lilipokatika tena, yule mkwe mwenye kilemba akasema kwa sauti, "Kwa kweli hata sisi hatukusikia!" Watu wakacheka, na kile kicheko kikabadilisha kila kitu. Kuanzia hapo halikuwa jambo la Evelyne peke yake. Jina likija na tundu, hema zima linapiga kelele, "Hatukusikia!" Likija zima, wanalirudisha naye. Mama Theopista alipinga mpaka Kokuhirwa, kisha akasahau kupinga.

Halafu akafika kizingitini. Limebaki moja.

Uliita, ukaja upepo. Ukaita, ikaja "A", ikakatika. Dada, hapakuwa na mtu asiyejua ni jina gani. Mama Theopista alianza kumnong'oneza, "Agne...", mkwe akamziba mdomo kwa kiganja, nao hawajawahi hata kusalimiana vizuri. Evelyne alijua jina hilo kuliko sisi wote, angeweza kulisema na kuvuka, na hakuna ambaye angemlaumu. Akatikisa kichwa. "Sikusikia, shangazi. Rudia." Ukaita tena. Sikusikia. Tena. Sikusikia. Mvua inapiga hema, MC anapanguswa jasho na mtu asiyemjua.

Sasa nakuambia jambo ambalo Hafidhi tu ndiye anayelijua nusu. Nilikuwa na rekodi yako kwenye simu. Watu wananisifu kwamba nilisimama imara kama nguzo. Sikusimama imara. Nilishindwa kuvumilia, nikaingiza mkono mfukoni nikabonyeza.

Simu haikuwa imeunganishwa na spika yoyote. Uliita ndani ya mfuko wangu. Majina yote, kuanzia Kokugonza, sauti safi, hakuna hata herufi iliyokatika, unaibariki leso yangu. Hakuna aliyesikia ila mimi. Na nilipokusikia pale kiunoni ukipita jina kwa jina bila kumngoja mtu yeyote, nikaelewa mtoto alimaanisha nini. Nikaizima. Katika kuizima nikagusa pini, ikafunguka.

Kwa hiyo, dada, wakati wa tukio kubwa kuliko yote nyumbani kwangu, mkono mmoja wa baba ulikuwa umeshika suruali.

Aliyetuokoa si mimi wala Hafidhi. Ni mkwe. Alipanda juu ya kiti cha plastiki na kilemba chake na akasema, "Zimeni simu! Mtoto anaitwa!" Akaitoa yake kwenye mkoba, akaizima mbele yetu, akaiinua juu. Mumewe akazima. Dastan akazima. Ikaenda meza kwa meza, watu wakiinua simu zilizozimwa kama mishumaa ya Pasaka, mpaka nyuma kabisa kwa wapishi. Mvua haikupungua hata kidogo, nakuambia ukweli, bali mtandao ulipata kupumua.

Ukaita. Likaja na kikohozi chako ndani yake na kiti cha Hafidhi kikilia nyuma. "Agnetha."

Alivuta pumzi kwanza. Nilimwona. Kisha akasema "Agnetha!" kwa sauti ambayo ingefika Kagondo bila mashine, akavuka. Dada, watu walilia, watu waliruka, wapishi walipiga masufuria. Mama Theopista na mkwe walikumbatiana wakaangusha meza ya soda. MC akaamuru mikono yote juu. Mimi niliinua mmoja. Wakanipigia picha hiyo, imeenda Biharamulo nzima baada ya simu kuwashwa, na chini yake imeandikwa, "Baba mwenye msimamo."

Limebaki moja, nalo ni zito kuliko suruali. Ulichoniandikia kuhusu Agnetha nilikisoma nimekaa kwenye migomba nyuma ya nyumba. Umebeba hilo peke yako tangu Evelyne anazaliwa, na kila nilipokuuliza "dada uko vipi" uliniitikia kwamba uko salama. Nakuambia sasa, na bila adabu kama ulivyoagiza: haikuwa kosa lako.

Usinijibu kwamba barua umepata. Nirudishie nilichosema, nijue kimefika.

Mdogo wako,
Clavery

*

Kagondo,
3 Oktoba 2025

Clavery,

Pini ya nepi. Kilemba cha zambarau. Sikusikia. Leso. Zimeni simu. Agnetha. Mkono mmoja.

Lile la mwisho kabisa halikufika vizuri. Ukija, rudia.

Penina